Pudini ya chia na matunda ya kulaza usiku: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila Jumapili usiku, vyombo vikishaoshwa, napanga chupa nne mezani na kuandaa kifungua kinywa cha Jumatatu na Jumanne, kwa ajili yangu na mume wangu. Majirani, mawifi na wenzangu kazini wameniuliza kuhusu chupa hizo mpaka maswali yamekuwa yale yale, kwa hiyo nimeyakusanya hapa pamoja na majibu. Mwenye haraka asome swali la vipimo na lile la kukoroga mara mbili. Mengine atayarudia siku pudini ikimgomea.

## Mwanzo kabisa

Pudini ya chia ni nini hasa?

Ni mbegu za chia zilizolowekwa kwenye maziwa au tui mpaka zikavimba na kuyafanya mazito, bila moto wala unga. Ngozi ya nje ya mbegu ikikutana na maji hutoa ute, jamaa ya ule wa bamia na mlenda. Ute huo hushika maji yenye uzito wa mara kumi ya mbegu yenyewe, au zaidi kidogo. Unaandaa usiku, unaweka kwenye friji, asubuhi unaongeza matunda na kula ikiwa ya baridi.

Asili ya mmea huu ni Meksiko na Guatemala. Waazteki waliulima kabla Wahispania hawajafika, na hadi leo Wameksiko hunywa chia iliyolowekwa kwenye maji ya ndimu yenye sukari. Siku hizi hulimwa pia Uganda, Kenya na mkoani Kagera, kwa hiyo huna haja ya kutafuta pakiti iliyovuka bahari.

Chia na tukmaria si kitu kimoja?

Hapana, ingawa wauzaji wengine huzichanganya majina. Tukmaria ni mbegu za mrehani, zile za kwenye faluda. Ni nyeusi tupu, na ukiziweka kwenye maji huvimba ndani ya dakika chache, kila moja ikizungukwa na ute mweupe unaoonekana wazi. Chia ina madoadoa ya kijivu, kahawia na nyeupe ukiitazama kwa karibu, na huvimba polepole. Tukmaria ni nzuri kwa sharbati na faluda. Ukiitumia kwa pudini hii utapata punje zinazoteleza ndani ya maziwa, sio krimu.

Chia nyeusi na chia nyeupe, kwa upande mwingine, hufanya kazi ile ile. Nyeupe haichafui rangi ya embe, basi. Ila ukiona mbegu nyingi ni za kahawia tupu, waachie: mara nyingi hizo hazikukomaa, na zina uchungu.

Vipimo ni vipi?

Kwa chupa mbili, za watu wazima wawili:

- maziwa mililita 250, yaliyochemshwa na kupoa
- tui zito mililita 100
- chia vijiko 5 vya chakula, vilivyosawazishwa (karibu gramu 60)
- iliki punje 2, zilizotwangwa
- chembe ya chumvi
- asali kijiko 1 cha chai, ukipenda
- embe 1 kubwa lililoiva

Changanya maziwa, tui, iliki, chumvi na asali kwanza. Onja, kwa sababu ukishaweka chia utamu hupungua kidogo mdomoni. Kisha mimina chia huku unakoroga kwa uma au mchapo. Subiri dakika 10, koroga tena, gawa kwenye chupa, funika, weka kwenye friji. Embe linakatwa asubuhi.

Ukitaka kubadilisha kiasi, shika kanuni hii: kikombe cha mililita 250 cha kitu chochote cha majimaji kwa vijiko 4 vya chia hutoa pudini nzito inayosimama kwenye kijiko. Kwa vijiko 3 inakuwa laini, inayomiminika kama uji mzito.

Lazima zilale usiku kucha?

Saa mbili zinatosha kuila, saa nne ni bora, usiku mzima ndio mwafaka. Tofauti iko kwenye kiini cha mbegu: ute wa nje hutoka mapema, lakini ndani mbegu hubaki ngumu kwa muda, na ukiila mapema utasikia inakwaruza. Ukiwa na haraka tumia maziwa ya uvuguvugu, yale unayoweza kutia kidole bila kushtuka. Chia huvimba haraka zaidi ndani yake.

Nizioshe kwanza?

Najua tumelelewa kuosha kila nafaka, lakini chia huwezi kuiosha kama mchele. Ikigusa maji tu inaanza kutoa ute, inashikana na kung'ang'ania chujio. Zitandaze kwenye sahani nyeupe uchambue, au zichekeche kavu kwenye chekecheke la unga lenye matundu madogo ili vumbi lipite.

Zile za kupimiwa dukani, kutoka kwenye gunia lililo wazi, huwa na mchanga wakati mwingine. Kabla ya kutumia mfuko mpya, mimi hutia kijiko kimoja kwenye glasi ya maji, nakoroga, nasubiri. Mchanga huzama na kukaa chini, na kwenye kioo unauona. Ukiuona, tumia mbegu hizo kwa kitu kingine au zirudishe dukani. Kokoto moja kwenye jino asubuhi inatosha kumfanya mtoto aikatae pudini mwaka mzima.

## Kupata ulaini

Kwa nini unasisitiza kukoroga mara mbili?

Kwa sababu hapa ndipo pudini nyingi huharibikia. Mara ya kwanza nilimimina chia kwenye glasi ya maziwa, nikazungusha kijiko mara tatu nne, nikafunika. Asubuhi nilikuta kisahani kigumu cha mbegu kimeganda chini ya glasi, juu yake maziwa yale yale niliyoyaacha. Nilipokitoboa kwa kijiko, katikati mbegu zilikuwa bado kavu. Mama alikuwa amekuja kututembelea. Akaiinua ile glasi kwenye mwanga wa dirisha, akaniuliza, "Mwanangu, uji huwa unaukoroga mara moja tu?"

Alikuwa amemaliza kila kitu. Unga wa uji ukiutupia kwenye maji bila kukoroga, sehemu ya nje ya donge hulowa na kufunga, na ndani hubaki unga mkavu. Chia ni hivyo hivyo. Dakika za mwanzo mbegu huzama au huelea kwa makundi, na zile za nje hutoa ute unaozigundisha zote pamoja. Baada ya hapo maji hayaingii tena.

Kwa hiyo: koroga vizuri unapomimina, ukikwangua chini na pembeni. Subiri dakika 10. Utaona maziwa yameanza kuwa mazito na mbegu zimeanza kushikana. Sasa koroga tena kwa nguvu, uvunje kila donge. Ukifika hatua hii mbegu hazizami tena, kwa sababu maziwa yenyewe yamekuwa mazito kiasi cha kuzishikilia zilipo. Kama una nafasi, koroga mara ya tatu kabla ya kulala. Chupa yenye kifuniko kinachobana hurahisisha, maana unaitikisa tu.

Maziwa gani hutoa pudini laini zaidi?

Ute wa chia huleta uzito. Ulaini wa krimu unatoka kwenye mafuta ya maziwa au ya nazi. Ndiyo maana pudini ya maziwa yaliyotolewa mafuta huwa nzito lakini tupu mdomoni.

Tui ndilo ninalolipenda kuliko yote. Ukikuna nazi mwenyewe kwenye mbuzi, tumia tui la kwanza, lile zito, kwa sehemu moja, na maziwa ya ng'ombe au tui jepesi kwa sehemu mbili. Tui zito tupu ni la kushibisha mno asubuhi, na lina tabia moja ya kujua: mafuta ya nazi huganda chini ya nyuzi joto 24 hivi, na friji iko chini sana ya hapo. Ukikuta chembechembe nyeupe ngumu asubuhi, pudini haijaharibika. Iache mezani dakika 10 au 15, koroga, zitalainika. Tui la kukamua nyumbani huchacha upesi, kwa hiyo likamue siku ile ile, na pudini yake uile ndani ya siku mbili.

Mtindi mzito, au maziwa lala kama wasemavyo Kenya, hutoa pudini yenye uchachu mzuri unaokubaliana sana na embe. Changanya nusu mtindi, nusu maziwa. Maziwa ya soya yanafaa. Ya lozi na ya mchele ni mepesi, kwa hiyo ongeza nusu kijiko cha chia na kijiko kimoja au viwili vya tui.

Maziwa mabichi ya kupimiwa yachemshe kwanza bila kukosa, yapoe, ndipo uyatumie. Pudini haipiti motoni mahali popote, na kitu hicho kitakaa siku kadhaa.

Yangu imekuwa maji. Nifanye nini?

Ongeza kijiko kimoja cha chia kwa kila kikombe, koroga, subiri nusu saa, koroga tena. Kama vipimo vilikuwa sawa na bado ni maji, angalia kama mbegu zimeganda chini (soma swali la kukoroga mara mbili). Na kama hazikuganda, huenda ni matunda: embe au tikiti likikatwa usiku na kuchanganywa humo humo, hutoa maji yake.

Yangu imekuwa ngumu kama ugali.

Maziwa vijiko viwili, koroga, kisha viwili tena ikihitajika. Hili hutokea zaidi siku ya pili na ya tatu, kwa kuwa mbegu huendelea kunywa. Haina madhara.

Sipendi kusikia mbegu mdomoni.

Isage kwenye blenda asubuhi, baada ya kulala, ukiongeza kijiko kimoja au viwili vya maziwa. Inakuwa laini kabisa, kama mtindi mzito, na hata wale wasiopenda bamia huila. Kuisaga kabla ya kulowekwa sikushauri: mbegu hurukaruka pembeni mwa blenda na nyingine hubaki nzima.

## Matunda

Embe gani linafaa?

Lolote lisilo na nyuzi nyingi. Dodo na bolibo ni mazuri. Kenya, ngowe na lile waitalo apple huwa laini sana. Embe sindano ni tamu mno lakini nyuzi zake zinahitaji kuchujwa. Embe liwe limeiva mpaka harufu inasikika kwenye kikonyo. Mimi hukata nusu vipande vidogo, nusu naisaga, kisha namimina ile iliyosagwa juu ya pudini kabla ya vipande, ili kila kijiko kipate tabaka zote mbili.

Mko ughaibuni na maembe ya huko hayana ladha? Nunueni yaliyogandishwa, yaacheni yayeyuke kwenye chujio ili maji yatoke. Au tafuteni kwenye maduka ya Wahindi embe la kopo lililosagwa, la aina ya Alphonso au Kesar. Mengi huwa na sukari tayari, kwa hiyo asali iondoeni.

Kwa nini pudini yangu ya nanasi ilikuwa chungu?

Nanasi bichi lina kimeng'enya kinachovunja protini. Kikikaa usiku mzima ndani ya maziwa au mtindi, huacha uchungu, na wakati mwingine maziwa hukatika. Papai nalo lina chake, kingi zaidi likiwa bichi, na kiwi pia. Chia yenyewe haidhuriki, kwa sababu ute wake hautokani na protini.

Una njia mbili. Ama matunda hayo uyaweke juu asubuhi, dakika ya kula. Au nanasi ulipike: lipike vipande na kijiko cha maji na kijiti cha mdalasini mpaka lichemke kwa dakika tano hivi, lipoe, ndipo ulichanganye. Hapo kimeng'enya kimekufa. Nanasi hilo la mdalasini juu ya pudini ya tui ndilo ninalowaandalia wageni.

Ndizi na parachichi si vitakuwa vyeusi?

Vitakuwa, vikikaa wazi. Ndizi mbivu yenye madoa meusi ni tamu kiasi kwamba asali haihitajiki, ila iponde au uikate asubuhi hiyo hiyo. Parachichi linaweza kusagwa usiku pamoja na maziwa, vijiko viwili vya ndimu na asali kidogo, kisha chia ikaingia baadaye. Ndimu huzuia weusi kwa usiku mmoja, sio zaidi. Punguza chia hadi vijiko 3 kwa kikombe, maana parachichi lenyewe ni zito.

Pasheni, ukwaju, ubuyu?

Pasheni juu, wakati wa kula, kwa sababu uchachu wake unaweza kukata maziwa. Kwenye tui haina shida hiyo. Ukwaju vivyo hivyo. Unga wa ubuyu ni hazina iliyosahaulika hapa: kijiko kimoja cha chakula kwa kikombe, kikikorogwa kwenye tui, huongeza uchachu na uzito kwa pamoja. Tafuta unga mtupu wa ubuyu, sio ule mwekundu wa pipi wenye sukari na rangi.

## Kuhifadhi na kubeba

Inakaa siku ngapi?

Bila matunda, kwenye friji inayopoza sawasawa, siku nne. Ya tui la nyumbani, siku mbili. Matunda yakishaingia, ile siku hiyo au kesho yake. Ikitoa harufu ya kuchacha, mapovu, au kifuniko kikitoa hewa ukikifungua, mwaga. Pudini ya mtindi ina uchachu wake wa kawaida, kwa hiyo hapo tazama mapovu zaidi.

Umeme ukikatika usiku?

Friji isiyofunguliwa hutunza ubaridi kwa saa nne hivi. Ukijua umekatika saa nane usiku na ukarudi saa kumi, hakuna neno. Usipojua ulikatika saa ngapi, na chupa ukiishika haina ubaridi, usile. Nimewahi kumwaga chupa nne kwa mpigo kwa sababu hiyo, na iliniuma, maana tui nilikuwa nimelikamua mwenyewe. Tangu siku hiyo huweka kipande cha barafu kwenye kikombe ndani ya friza, na juu yake sarafu. Nikikuta sarafu imezama ndani ya barafu, najua iliyeyuka ikaganda tena.

Naondoka alfajiri na daladala. Nitaibebaje?

Chupa ya jemu au ya asali yenye kifuniko cha chuma, isijazwe mpaka juu. Izungushie kitambaa pamoja na chupa ndogo ya maji iliyogandishwa. Bila barafu isikae zaidi ya saa mbili, na kwenye joto la Dar au Mombasa la Januari fanya saa moja. Matunda yabebe kwenye kibakuli chake.

Naweza kuigandisha kwenye friza?

Unaweza, bila matunda. Ikiyeyuka hutengana kidogo, kwa hiyo iyeyushe ndani ya friji usiku na uikoroge sana. Sio laini kama ya mwanzo.

## Afya na hali za pekee

Mbona imenijaza gesi?

Chupa moja ya vipimo vya hapo juu ina nyuzinyuzi karibu gramu 10 kutoka kwenye chia peke yake. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima apate angalau gramu 25 kwa siku, kwa hiyo hiyo ni sehemu kubwa kwa mlo mmoja, hasa kama tumbo lako limezoea chai na maandazi. Anza na nusu chupa kwa wiki moja, na unywe maji siku nzima. Bila maji utafunga choo.

Naweza kula chia kavu, kijiko moja kwa moja?

Usifanye hivyo. Mwaka 2014 madaktari nchini Marekani waliripoti kisa cha mwanamume wa miaka 39 aliyekula kijiko cha chia kavu kisha akanywa maji. Mbegu zilivimbia kwenye umio na kumkwama, ikabidi zitolewe hospitalini. Mwenye shida ya kumeza chakula asile hata iliyolowekwa kabla ya kuzungumza na daktari.

Mtoto anaweza kula?

Anayekula chakula cha familia anaweza, kidogo, ikiwa imelowa usiku kucha au imesagwa. Asali usimpe mtoto wa chini ya mwaka mmoja kabisa.

Nina kisukari, au natumia dawa za presha au za kuyeyusha damu.

Chia yenyewe ina wanga kidogo unaomeng'enywa, sukari iko kwenye embe, ndizi na asali. Ondoa asali, pima matunda kiganja kimoja, tumia mtindi usio na sukari. Kama unatumia dawa hizo kila siku na unataka kuila chia kila siku, mweleze daktari wako kwanza.

Zangu zimekaa kabatini muda mrefu. Bado nzima?

Zinuse, kisha tafuna chache. Chia ina mafuta mengi, karibu theluthi ya uzito wake, na yakiharibika hutoa harufu ya rangi ya mafuta na uchungu unaokaa kwenye ulimi. Zihifadhi nzima, kwenye chupa iliyofungwa, mbali na jiko. Zilizosagwa huharibika mapema zaidi.

Inafaa kwa daku?

Inafaa sana, na kwetu Ramadhani ndio mwezi ninaoiandaa kuliko miezi yote. Naichanganya baada ya futari, nakoroga mara ya pili kabla ya kwenda tarawehe, na wakati wa daku hakuna wa kuwasha jiko. Badala ya asali, loweka tende tano zilizotolewa kokwa kwenye maziwa ya uvuguvugu kwa robo saa, zisage humo humo, ndipo utie chia. Iliki iongeze punje moja. Weka vijiko 3 tu kwa kikombe ili ibaki ya majimaji, na kila mtu anywe glasi mbili za maji kabla ya adhana.